Aproni Ambayo Sijaifua

Mheshimiwa Mgeni Rasmi; Mkurugenzi wetu wa kiwanda cha kufulia na wakuu wa idara mliokaa meza ya mbele; ndugu wageni waalikwa kutoka hospitali na hoteli ambazo mashuka yake yamepita mikononi mwetu; wastaafu mlionitangulia; wafanyakazi wenzangu wa zamu zote, wa kufua, wa kukausha, wa kupiga pasi na wa kupakia; na wewe kaka yangu uliyechagua kiti cha karibu na mlango, ukakataa mara mbili kusogezwa mbele: nawasalimu nyote, kila mmoja kwa heshima yake, na nawaomba mnivumilie.

Naanza kwa kukiri jambo dogo, ili ulimi uzoee kazi hiyo kabla haujafika kwenye jambo kubwa. Ninaogopa. Mkiona karatasi hii inacheza msidhani ni feni, maana feni zimezimwa ili tusikilizane. Ni mkono. Miaka thelathini na moja nimesimama kwenye sakafu ya maji na sabuni, na sijawahi kusimama mahali palipoinuka kama hapa. Mshereheshaji amenipa dakika kumi. Mwanangu, sikuahidi kitu. Ninachokuomba ni kimoja tu: hata ukimwona mkubwa gani anakukonyeza, kipaza sauti hiki usikizime mpaka utakaponisikia nikishukuru.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, umezisoma sifa zangu kwa sauti nzuri, nami nimezisikiliza nimeinamisha kichwa, watu wakadhani ni unyenyekevu. Umesema mimi ndiye niliyeleta desturi ya kuandika saa kwa maneno kwenye mbao zote za kiwanda, na kwamba kwa sababu hiyo hatujapata ajali ya mvuke kwa miaka kumi na tisa. Ni kweli. Kila anayeajiriwa hapa hucheka wiki yake ya kwanza. Mbona ubaoni pameandikwa "saa nane kamili mchana, siku ya Jumanne", barua nzima, wakati namba mbili tu zingetosha? Wenzake humjibu, "Ndivyo anavyotaka Mama Herufi. Andika namba uone, atakurudisha ukafute." Mama Herufi ndiye mimi. Jina limenikaa hadi mume wangu hulitumia akitaka kunichokoza. Nikimwomba aonje mboga kama chumvi imetosha, huuliza anijibu kwa neno moja au kwa insha.

Mmecheka, na mmecheka vizuri. Lakini hebu niwaulize. Mtu humkimbia nyoka, hukimbia moto, hukimbia hata deni. Umemwona wapi mtu anayekimbia namba? Katika miaka yote hii, hakuna hata mmoja wenu aliyejiuliza huyu mama anaogopa nini?

Tazameni vifuani mwenu. Kila mmoja wenu leo amepewa fulana mpya, na kwenye kila fulana kuna nembo ya kampuni, kile kibuyu cha buluu chenye kiuno. Kipo kwenye malori, kipo kwenye mifuko ya nguo, kipo kwenye keki pale mezani. Wote mnajua kwamba kibuyu hicho kilitoka kwenye vitambaa vyangu, vile ninavyovishona kwa uzi wa buluu kwenye mashuka yaliyochakaa, na ambavyo leo vimetundikwa kuta zote nne za ukumbi huu. Mkurugenzi, siku ya kuizindua nembo ulisema kibuyu ni chombo cha kuhifadhi, na kwamba kinaashiria usafi na ukarimu. Ulikieleza kwa ufasaha kiasi kwamba nusura nikuamini. Nilipiga makofi pamoja na wengine. Halafu nilikwenda stoo ya sabuni nikajifungia, nikakaa juu ya dumu hadi sherehe ikaisha.

Sasa nimesimama hapa juu, na vibuyu mia mbili vinanitazama.

Niwaambie vilianzaje. Miaka kumi na tisa iliyopita, baada ya ile ajali mnayoisikia kwenye mafunzo ya usalama, nilipatwa na woga ambao sikuwa na jina lake. Sikuweza kusikia birika likichemka. Mwaka mzima mume wangu ndiye aliyepika chai, mimi nikiwa nimesimama uani nimeziba masikio, na majirani wakasema nimedekezwa. Nikishika chaki, vidole vinagoma. Nikiona namba imeandikwa mahali, hata bei kwenye duka, jasho jembamba linanitoka mgongoni. Nikapelekwa zahanati, kwa dada wa nasaha. Chumba chake kilikuwa na dirisha moja, viti viwili vya plastiki, na meza iliyotiwa kipande cha boksi chini ya mguu mmoja isiyumbe. Nilikwenda mara tatu nikakaa kimya kama mgeni aliyekosea nyumba. Mara ya nne akasukuma karatasi na penseli ya rangi mbele yangu.

"Dada," akasema, "kama mdomo umegoma, upe mkono kazi. Usichore kizuri. Chora tu."

Nikachora duara. Juu yake nikachora duara lingine, dogo kidogo, yakagusana. Nikaitupa ile penseli kana kwamba imeniunguza.

"Hiki ni nini?" akauliza.

"Kibuyu," nikasema. Uongo huo ulitoka haraka kuliko pumzi.

"Na ndani yake mna nini?"

"Mvuke."

Dada wa watu hakucheka. Nani amewahi kutia mvuke kwenye kibuyu? Alinitazama kidogo, akafunga daftari lake, akasema, "Wiki ijayo kichore tena." Nilitoka pale bila kuaga, maana nilijua mdomo umedanganya na mkono umesema kweli, na nilikuwa sijui kwamba mkono wangu una uwezo huo.

Basi nikachora tena. Nikahamia kwenye kitambaa kwa kuwa ndicho ninachokijua. Mashuka yaliyotoboka, yale yanayokatwa kuwa matambara, niliyaomba nikapewa. Uzi nikachukua ule wa buluu tunaotilia alama za wodi. Nikashona kibuyu, nikashona kingine. Na siwadanganyi, ndugu zangu, kilinisaidia. Vidole vilitulia. Nilianza kujiona. Nilikuja kugundua kwamba kila nikishona kibuyu nakiweka pembeni ya kitambaa, hakikai katikati hata siku moja, na karibu yake kuna mlango uliofungwa. Niligundua kwamba nikiwa na hasira nashona mishono mirefu, nikiwa na hofu nashona mifupi, na kwamba mishono yangu karibu yote ni mifupi. Mtu unafika miaka arobaini ndipo uzi unakuambia wewe ni nani.

Wenzangu wakaanza kuja, mmoja mmoja, saa ya chai. Kile chumba cha kushonea mashuka kikawa kama zahanati yetu ya pili. Kazi zao ziko ukutani, kazitazameni kabla hamjaondoka. Ule mlango mkubwa wa kahawia ni wa dereva wa lori la pili, mtu mzima na ndevu zake, ambaye hakuwa amezungumza na baba yake tangu ujana. Alishona mlango usio na kitasa. Wiki sita anashona mbao, anashona bawaba, kitasa hatii. Siku aliyotia kitasa aliweka sindano chini akalia mbele yetu bila aibu, na Jumamosi ile akaenda kwao. Kile kiatu kimoja cha mtoto ni cha dada wa mashine za kukausha, na yeye ameniomba nisiseme zaidi, nami sisemi. Nimewaona kwa macho yangu watu wakishika sindano wamevunjika na wakiiweka wamepona kidogo. Kama kuna sifa ninayoikubali leo, ni hiyo ya kukifungua kile chumba.

Lakini mbona mimi niliyekifungua sikupona? Mbona kila jioni nikikunja kitambaa hofu inakunjwa nayo, na kila asubuhi nikikunjua iko pale pale? Jibu nimelijua siku nyingi. Wenzangu walishona kidonda. Mimi nilishona kifuniko, nikakiita kibuyu, nikawaacha mkivae kwenye fulana.

Sasa nafika mahali ambapo karatasi yangu imeandikwa kwa herufi kubwa, nisije nikajifanya sioni.

Fundi, uliyekaa meza ya tatu. Nakusalimu kwa jina la kazi yako, kama siku zote. Nisamehe kukutaja mbele za watu. Mwezi huu nimekuja kwako mara tatu kukueleza nitakayosema leo, na mara zote tatu nimeishia kukuuliza mafua yanaendeleaje, hadi mkeo akakutania kwamba nina dawa nauza. Wageni wetu hawajui kwa nini unavaa mikono mirefu hata siku za joto. Sisi tunajua.

Ilikuwa Jumapili, mashine zote zimelala. Fundi alikuwa na kazi ya kutengeneza ile rola kubwa ya kupigia pasi mashuka, kazi inayomtaka mtu aingize mikono ndani hadi mabegani. Siku hizi koki ya mvuke inafungwa kwa kufuli, na ufunguo unakaa mfukoni mwa fundi. Wakati ule tulikuwa na ubao mweusi na chaki, kwenye mlango wa chumba cha boila, ng'ambo ya ua, na kilichoandikwa pale ndiyo amri. Mimi, msimamizi wa zamu, ndiye mwandishi. Mtunza boila alikuwa shemeji yake Fundi, mume wa dada yake wa pekee. Fundi mwenyewe ndiye aliyemwombea kazi. Shemeji huyo alikuwa ametoka kufanya kazi kwenye vyumba vya injini vya meli kubwa, tukambatiza Meli. Wazee mnawakumbuka mashemeji hao. Utani wao ulisikika ua mzima.

"Shemeji, leo usiniivishe!"

"Shemeji, wewe chokonoa mashine zako, jikoni niachie mimi!"

Leo nikiukumbuka utani huo natamani nizibe masikio.

Kanuni ya kiwanda wakati ule ilikuwa kwamba saa ziandikwe kwa namba, kwa hesabu ya saa ishirini na nne, kama ratiba za hospitali tunazozihudumia. Yaani mdomoni tunasema saa mbili asubuhi, ubaoni tunaandika 8. Mdomoni tunasema saa nane mchana, ubaoni tunaandika 14. Kila mtu alijua. Mtu wa meli alijua kuliko sote, maana melini ndiyo hesabu aliyoishi nayo.

Matokeo ya uchunguzi mnayajua. Ubao ulisema mvuke ufunguliwe 14, yaani saa nane mchana, Fundi akiwa ameshamaliza. Mtunza boila akaufungua saa mbili asubuhi, mikono ya shemeji yake ikiwa ndani. Alipoulizwa, alisema neno moja tu, na akalirudia hadi wakubwa wakachoka kulisikia: "Ubaoni palikuwa na nane. Nimesoma nane, nimefungua nane." Wakampeleka mbele ya ubao. Akauona umeandikwa 14. Nilikuwepo. Aliutazama muda mrefu sana, akausogelea, akarudi nyuma, akausogelea tena, kama mtu anayetafuta nyumba yake akakuta uwanja mtupu. Wakampeleka kwa daktari wa macho. Laiti macho yangekuwa mabovu, wangemhurumia. Macho yalikuwa mazima, wakasema basi ni mwongo. Akafukuzwa. Fundi alipotoka hospitali akaambiwa shemeji yako amekuunguza kwa uzembe na juu yake ameongeza uongo, na tangu siku hiyo hawajasemezana.

Ndugu zangu, hakuwa mwongo. Ubaoni palikuwa na nane. Niliiandika mimi.

Naomba maji.

Haya, yametosha. Nilikuwa nafunga zamu Jumamosi, nimeshavua viatu vya kazi, mkoba begani. Fundi akapita akaniambia, "Dada, kesho mvuke saa nane." Sikio likasikia nane, mkono ukaandika 8. Hakuna zaidi ya hapo. Kanuni niliijua, nimeifundisha wengine, na siku hiyo niliandika kama ninavyoongea. Kama ningesimama hapo tu, kosa lingekuwa la mtu aliyechoka, na nadhani mngenisamehe.

Sikusimama hapo. Asubuhi ile ya Jumapili nilikuja kumletea Fundi vipuri alivyoviomba. Nilikuwa getini nilipomsikia. Sitawaelezea sauti ile. Aliyeisikia hahitaji, na ambaye hakuisikia namwombea asiisikie. Tulimtoa mimi na Meli na mlinzi wa getini. Gari likaja, Meli akapanda na shemeji yake, amempakata kichwa, analia kama mtoto, mlinzi akakimbia mbele kufungua geti. Nikabaki peke yangu uani. Nikageuka. Nikauona ubao.

Mnaniuliza nilifikiri nini? Nilifikiri kuhusu kazi yangu. Nilifikiri kuhusu polisi. Mikono ya mtu sikuifikiria. Nilishika upindo wa aproni yangu ya kazi niliyokuwa nimeivaa, nikaugandamiza kwenye ile namba kwa kiganja, kisha vumbi lililobaki nikalisugua kwa mkono mtupu. Nikaokota chaki, nikaandika 14. Ilichukua muda wa kupiga chafya. Na mwandiko ulitoka mzuri, umenyooka. Hilo ndilo linaloniogopesha kuliko yote hadi leo hii: mkono haukutetemeka. Kutetemeka kulianza Jumatatu, Meli aliposema "palikuwa na nane" na mimi nikakaa kimya.

Niliwaandikisha saa kwa maneno kwa sababu ya woga, Mheshimiwa. Hiyo tuzo ya usalama iliyoko mezani umempa mtu aliyefuta ubao. Naomba ibaki mezani.

Kisha yakapita niliyodhani siwezi kuyavumilia, na nikayavumilia, maana woga una mabega mapana. Dada yake Fundi, mkewe Meli, aliishi miaka kumi na mitano kati ya mume na kaka wasiosalimiana. Akipika kwake kaka haji. Akienda kwa kaka mume anabaki njiani. Miaka minne iliyopita alifariki. Nilikwenda kwenye mazishi. Fundi alisimama upande mmoja wa kaburi na Meli upande wa pili, na kati yao yule dada amelala, hata siku ile hakuweza kuwasogeza. Mimi nilisimama nyuma ya wanawake. Maneno matatu tu yalikuwa mdomoni mwangu, "ni mimi niliyefuta", na nilikuwa na kila sababu ya kuyasema. Niliyameza. Nilirudi nyumbani nikashona kibuyu. Ni kile pale, juu ya dirisha, kikubwa kuliko vyote. Watu wanakipenda, kuna mgeni wa hoteli ameomba kukichukua. Mama, usikichukue. Nilikishona siku ile ili nisiseme kweli.

Mtauliza, basi kwa nini leo? Kwa sababu ya Bibi Pasi. Simama kidogo bibi yetu wakuone. Haya, kaa, najua miguu. Bibi Pasi amepiga pasi hapa kabla yangu, na miaka hii miwili macho yake yameanza kufifia, hata vitambaa vyetu havioni tena, anavipapasa. Mwezi uliopita, saa ya chai, alikichukua kibuyu changu kipya, akakipitisha vidole taratibu, juu, chini, akavuka katikati, akarudi. Akasema kwa sauti yake ile isiyojua kunong'ona:

"Mwenzangu, mbona umeshona nane?"

"Ni kibuyu, bibi."

"Kibuyu kina shingo na mdomo. Hii haina mdomo. Uzi unazunguka unarudi ulikotoka. Hii nane. Nane ya nini?"

Watu mia mbili mmekitazama kibuyu kile miaka yote kwa macho mazima. Aliyekisoma ni asiyeona. Niliinuka nikakimbilia chooni, nikafunga mlango, nikashika bomba kwa mikono miwili. Nilikuwa nikiogopa miaka kumi na tisa kwamba mtu atakisoma. Na humo ndani, ndugu zangu, nikaona jambo ambalo sikulitarajia: kumbe nimekuwa nikikishona ili mtu akisome. Mkono ulichoka kunisubiri.

Hofu yangu haijawahi kuwa ya mvuke. Wala ya namba. Naogopa kuonekana.

Sasa, kile kitu kilichofunikwa shuka hapa kando yangu, ambacho kwenye ratiba mmeandikiwa "kazi ya mwisho ya Mama Herufi, kibuyu cha shukrani". Mshereheshaji, nisaidie kuvuta upande huo. Taratibu. Usiiguse.

Hii ni aproni. Nimefua mashuka ya hospitali tatu na hoteli sita, nimefua damu, nimefua mvinyo, nimefua madoa ambayo wenyewe walishayakatia tamaa. Aproni hii moja sijaifua. Imekaa miaka kumi na tisa ndani ya mfuko wa plastiki, chini ya nguo zangu za ndani, mahali ambapo mume wangu hagusi. Mlango wa boila hutoka jasho, chaki siku ile ilikuwa mbichi, na nilipogandamiza kitambaa namba yote ikahamia kwenye upindo. Namba nyingine nyingi zingetoka zimegeuka, mngesema sijui ni nini. Nane haigeuki. Nimeizungushia uzi pembeni isizidi kupukutika, na humo ndani sijatia mshono hata mmoja. Kazi nyingine zote nilizotundika humu ndani ni za uongo kidogo. Hii peke yake ni ya kweli, na sikuichora mimi kwa kupenda.

Mkurugenzi, najua kuna hatua za kuchukua, na Jumatatu nitakuwa ofisini kwako nazisubiri. Mume wangu nimemwambia jana. Kwa mara ya kwanza tangu anioe hakuwa na utani. Wenzangu wa chumba cha kushonea, msikifunge kile chumba kwa sababu yangu. Shoneni. Ila mkono ukishasema, msiufasirie uongo, kwa maana utarudia, na utarudia, hadi kipofu akusomee.

Fundi, sina la kukuomba. Nimekunyima mikono, kisha nikakunyima shemeji, kisha dada yako nikamnyima amani hadi akaondoka. Unatazama chini, na una haki.

Kaka Meli. Nilikuandikia mwaliko kwa maneno, saa tisa kamili alasiri, ukaja saa tisa kamili alasiri. Hukujua kwa nini umeitwa mahali ulipofukuzwa, na umekuja hata hivyo. Naona unasimama. Kama unasimama ili utoke, mlango uko karibu nawe, na mimi sitathubutu kukuita. Naogopa, kaka. Nilidhani nikishasema hofu itaisha. Haijaisha, ila imekaa mbele yangu badala ya kunikaa mgongoni.

Unakuja huku. Mpisheni. Tafadhali, mpisheni.

Isogelee, kaka. Karibu zaidi, kama siku ile walipokusimamisha mbele ya ubao. Safari hii hakuna aliyefuta. Soma ulichokiona. Soma kwa sauti.

Umesema? Nimekusikia mimi, lakini meza ya tatu iko mbali. Chukua kipaza sauti. Rudia.

"Nane."

Ndiyo, kaka. Ni nane, na ilikuwa nane siku zote.

Fundi, umemsikia shemeji yako? Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ndugu zangu nyote, nawashukuru kwa kunisikiliza mimi ambaye sikustahili. Kipaza sauti anacho yeye, naomba sasa mumsikilize mtu ambaye kwa miaka kumi na tisa hakuna aliyemsikiliza.